Chupa za matope dirishani kwangu

Wiki ya sita sasa kuna chupa mbili kubwa kwenye dirisha la jiko langu hapa Busia, upande wa Uganda, na kila anayeingia lazima aulize, madamu hizi ni nini? Nawaambia ni matope. Moja ni matope ya Majanji, ziwani kwetu hapa, na nyingine ni matope ya Gazi, pwani ya Kenya kusini ya Mombasa, kule shangazi yangu aliolewa na ndo nilikaa likizo ya Desemba yote. Niliyabeba kwenye basi kutoka Mombasa mpaka hapa mpakani, chupa imefungwa kitambaa nimeipakata kama mtoto. Mimi nafundisha bayolojia sekondari, na hio mada ya minyoo inavyolima udongo wa shambani nimeifundisha miaka na miaka, lakini sikuwahi kukaa chini nikafikiria nani analima kule chini ya maji. Wapo. Na wakiondoka, maji yote ya juu yanaugua. Hio ndo habari yangu leo, na itakua ndefu kidogo mnivumilie.

Kule Gazi shangazi alinitoa asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa mbali mpaka unaona nchi kavu imeongezeka kama uwanja wa mpira mara sijui ngapi. Nikaanza kutembea tu kama mtu wa bara. Akanivuta mkono, "Mwanangu, angalia unapokanyaga, hapa kote ni milango ya watu." Kuangalia chini, kweli, ni mashimo matupu. Kuna mashimo ya kaa wadogo, wale ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili, wamezungusha mlangoni vijidonge vya mchanga vimepangwa vizuri, maana wanachota mchanga mdomoni, wanalamba ule utando wa chakula, alafu wanatema kidonge. Mbele kidogo karibu na majani ya bahari kuna vichuguu vimesimama kama volkano ndogo ndogo, na juu ya kimoja nikaona kabisa mchanga unarushwa kutoka ndani, puu, puu, na hakuna mnyama anayeonekana. Anayerusha ni mdudu wa ukoo wa kamba, mdogo, mweupe, anaishi shimoni maisha yake yote, na shimo lake linaweza kupita mita moja kwenda chini. Mita moja, yaani urefu wa mtoto wa chekechea, limechimbwa na mnyama anayetosha kwenye kiganja.

Sasa ukichota yale matope kwa mkono ndo unaelewa kwa nini hayo mashimo ni muhimu. Juu kabisa kuna ngozi ya kahawia, nyembamba, milimita chache tu, hapo ndo oksijeni inaishia. Chini yake ni kijivu, alafu nyeusi tii, na harufu ya yai lililooza. Hio harufu ni kazi ya bakteria. Wale wa juu wanatumia oksijeni kula majani na maiti za viumbe vilivyozama, ikiisha wanaingia wengine wanaotumia naitreti, wengine kutu ya chuma, na wakishamaliza hao wanaingia wanaotumia salfeti, ambayo bahari inayo nyingi sana, na hao ndo wanatoa ile gesi ya salfa. Gesi ikikutana na chuma inakua unga mweusi, ndo ule weusi uliobaki kwenye kucha zangu siku mbili. Kiumbe kikubwa hakiwezi kuishi kwenye ile nyeusi kama hajajiletea hewa mwenyewe.

Na hapo ndo mwenye shimo anakuja na ujanja wake. Mnyoo au kamba akishachimba, anapunga mwili au miguu yake ndani ya shimo ili maji mapya yapite, na maji yanakuja na oksijeni, kwa hio kuta za shimo zinapata ile ngozi ya kahawia, ndani kabisa ya nyeusi. Ni kama umeichukua ile ngozi ya juu ukaikunja mara nyingi ukaiingiza chini. Eneo la kupumua linaongezeka, uozo unaliwa haraka, na mbolea inarudi juu kwa mwani. Kaa wa kwenye mikoko nao wanaburuta majani yaliyoanguka wanayaingiza mashimoni kabla maji hayajajaa kuyabeba, ndo maana msitu hauibiwi chakula chake chote na bahari. Mti wa mchu unatoa mizizi ya kupumulia juu kama penseli zimesimamishwa. Jongoo bahari yeye anameza mchanga tu, anasaga kilicho ndani, anautoa umesafishwa, na shangazi analalamika sana kwamba wamevunwa mno kwa soko la China. Namuunga mkono, ukivuna wakulima wote unategemea nani alime? Na mchanga mweupe wa ufukweni wenyewe, ule wa kupigia picha, sehemu yake nzuri ni mavi ya pono, samaki anayeguguna matumbawe kwa mdomo wake mgumu na kuyatoa yamekua unga.

Kuna kitu kingine kilinishangaza mpaka nikawasomea wanafunzi darasani. Watafiti wa Aarhus, Denmark, mwaka 2010 waligundua kwamba ndani ya matope ya bahari kuna umeme unapita kutoka chini kwenda juu, na miaka miwili baadaye wakajua nani anaupitisha: bakteria waliojipanga maelfu kwa maelfu kama uzi, urefu wa sentimita, upande mmoja uko kwenye salfa chini na mwingine uko kwenye oksijeni juu. Waya ulio hai! Mwanafunzi mmoja akauliza kama anaweza kuchaji simu. Nikamwambia swali zuri, tena sikumcheka, maana kabla ya 2010 hata maprofesa wangesema hakuna kitu kama hicho.

Na hii kazi ya kuchimba ni ya zamani sana. Kabla ya miaka kama milioni 540 iliyopita sakafu ya bahari ilifunikwa na mkeka wa vijidudu, umelala tu, chini yake hakuna hewa. Alafu wakaja wanyama wa kuchimba kwenda chini na mkeka ukapasuliwa, na alama za mashimo yao zimebaki kwenye mawe mpaka leo. Huko Newfoundland, Canada, alama ya shimo la mnyoo ndo inatumika kuonyesha enzi mpya ya dunia inaanzia wapi. Mnyoo mwenyewe hajawahi kuonekana, shimo lake ndo limebaki.

Sasa turudi nyumbani.

Nilivyorudi nilishuka Majanji, nikamkuta mzee mmoja pale mwaloni anashona nyavu za mukene, wale dagaa wa ziwani. Nikamuuliza, mzee, ziwa letu chini kuna nini? Akaniambia bila kuinua kichwa, "Madamu, chini ndo sami wanatoka." Na ni kweli kabisa. Sami ni wale wadudu wadogo wa ziwani, mnajua lile wingu lao linaloinuka juu ya Ziwa Victoria kama moshi wa moto mkubwa, alafu upepo ukigeuka linaingia nyumbani, kwenye chai, kwenye taa, mpaka unafunga mlango mapema. Wale wadudu kabla ya kuruka waliishi matopeni wakiwa lava, yaani mabuu ambao bado hawajaota mabawa. Kuna aina mbili kubwa. Moja ni mwangavu kama kioo, mchana anajificha matopeni hata pasipo na oksijeni, usiku anapanda juu kuwinda. Nyingine ni mwekundu, mwekundu kwa sababu ana himoglobini kama ya damu yetu, ya kushikilia ile oksijeni kidogo iliyopo, na anajijengea bomba la matope na kupunga maji ndani, kazi ile ile ya kamba wa Gazi, ila yeye ni mdogo kama uzi. Mzee akaniambia pia sami wanafuata mwezi, wanatoka kwa wingi mwezi ukiwa mchanga, na watafiti waliokua Jinja miaka ya 1950, kwenye kile kituo cha utafiti wa samaki kilichoanza 1947, waliyaandika hayo hayo.

Ziwani hapa salfeti ni kidogo, kwa hio matope yetu hayanuki kama ya bahari, badala yake yanatoa methani. Ukichokoza chini kwa upondo unaona mapovu yanapanda. Na wachimbaji wengine tunao. Ngege, samaki wa jamii ya tilapia, dume lake linafagia mchanga kwa mdomo na mkia mpaka linapata kibakuli cha duara, hapo ndo jike anakuja kutaga. Mamba, na hapa Uganda mamba ni samaki msinichanganye, yule mrefu mwenye mapafu, maji yakikauka anajizika kwenye matope, anajifunika na ute unaokauka kama mfuko, anasubiri mvua miezi na miezi. Mafunjo nayo yanashika udongo wao wenyewe, mizizi imefumana na mboji mpaka inakua kama zulia nene, na zulia likikatika linasafiri. Mnakumbuka Aprili 2020, maji ya ziwa yamejaa, kisiwa kinachoelea kikaenda kuziba mitambo ya umeme ya Nalubaale pale Jinja na nchi ikalala giza. Ile ilikua ardhi iliyoshikwa na mimea tu.

Lakini kinachoniuma ni sehemu ya ndani, yenye kina. Tangu miaka ya 1960 maji ya chini ya Victoria yamekua yakikosa oksijeni muda mrefu zaidi kuliko zamani. Tumejuaje? Matope yenyewe ndo yalisema. Watafiti walishusha bomba wakatoa nguzo ya udongo kutoka sakafuni, tabaka juu ya tabaka, na kwenye tabaka mabaki ya mwani yanaonyesha mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, mashamba yalipopanuka na udongo wenye mbolea ukaanza kuteremka mitoni. Hata lava wanaacha kumbukumbu, vile vichwa vyao vigumu havioziki, unaweza kuvihesabu kwa maikroskopu ukajua ni aina gani waliishi pale na kama waliweza kuvumilia kukosa hewa. Yaani kichwa cha mdudu ambaye mtoto anampiga na kandambili ndo shahidi wetu.

Watu wengi hapa wanasema mputa, yule samaki mkubwa ambaye wengine wanamuita sangara, alimaliza nkejje, vile visamaki vidogo vya asili vya ziwa letu, na mputa kweli alikula, aliletwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na kufika miaka ya 1980 nkejje aina mamia walikua wamepungua au wamepotea kabisa. Lakini mimi nasema tusimtwike mputa peke yake. Nkejje wa kina kirefu walikua wameshaanza kukosa hewa nyumbani kwao. Na wengi wao walikua walaji wa uozo wa matopeni, wakulima wale wale ninaowasema. Alafu matope yakikosa oksijeni yanafanya kitu kibaya kingine: ile kutu ya chuma iliyokua imeshika fosforasi inayeyuka na kuiachia, fosforasi inapanda juu, mwani unanenepa, unakufa, unazama, unaoza, unamaliza oksijeni iliyobaki. Mduara huo. Ukiona maji ya kijani kama rangi pale Murchison Bay, sehemu yake imetoka kwenye mifereji ya Kampala na sehemu imetoka chini kwenye matope ya miaka iliyopita. Ndo maana hata ukifunga mfereji leo ziwa halitakasiki kesho, na bado mfereji lazima ufungwe.

Haya, chupa. Hii ni njia ya Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ya miaka ya 1880: unaweka matope kwenye kioo, maji juu, unaacha kwenye mwanga, unasubiri. Ya Gazi niliiongezea vipande vya gazeti na kiini cha yai. Ndani ya wiki mbili ikawa nyeusi mpaka karibu na juu, wanyama wote walikua wamekufa kwenye basi, na sasa upande wa jua imeanza kutoa mabaka ya zambarau, hao ni bakteria wanaokula salfa kwa mwanga. Ya Majanji sikuiwekea kitu, na ikabaki na michirizi ya kahawia.

Nikawaita wanafunzi nyumbani nikawaonyesha, mnaona wanyama wanavyofanya kazi? Msichana mmoja wa S3, yaani kidato cha tatu, mkimya sana, akainua mkono. "Madamu, lakini hio si sawa. Hii ina yai, hii haina. Hii ni ya bahari, hii ni ya ziwa. Utajuaje ni wanyama?" Nilifurahi mpaka nikakosa la kusema. Tukarudi Majanji Jumamosi na boda tatu, tukachota ndoo moja ya matope, nusu tukaiacha ilivyo, nusu tukaipitisha kwenye chujio la chai kidogo kidogo mpaka mikono ikafa ganzi, tukatoa lava mmoja mmoja. Chupa mbili mpya, maji yale yale, dirisha lile lile.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Ile iliyochujwa ina ngozi ya kahawia juu kama karatasi, chini yake yote imeiva nyeusi. Ile nyingine, ukiweka jicho karibu na kioo, unaona bomba limeshuka ndani ya weusi, sentimita mbili hivi, na kuzunguka bomba kuna mstari wa rangi ya kutu, na ndani yake kitu chekundu kinajipinda, kinapumzika, kinajipinda tena. Yule msichana anakuja kila jioni kuchora. Asubuhi ya leo nimekuta ngozi tupu inaelea juu ya maji na sami mmoja amekaa kwenye pazia, nikamuacha hapo hapo mpaka mwenye daftari afike.