Cheti cha Ukaguzi na Tairi Zilizokwisha

Shemeji yangu alikuwa akiteremka kilima cha Riat, hapa Kisumu, kuelekea Mamboleo na pikapu yenye magunia ya mahindi, mvua ikinyesha, alipomgonga mwendeshaji wa bodaboda kisha gari likaishia mtaroni. Bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, alikuwa amelipia, na cheti cha ukaguzi, ambacho gari la biashara hulazimika kuwa nacho kila mwaka, kilikuwa kimebakiza miezi minne. Hata hivyo, asesa, yaani mkadiriaji hasara, wa kampuni ya bima alipofika gereji alianza na tairi za nyuma, akazikuta zimekwisha kabisa, na dai la kutengenezewa pikapu likakataliwa.

Shemeji aliona amedhulumiwa, nami nilimwunga mkono hadi tulipoketi tukausoma mkataba. Ndani yake kulikuwa na sharti kwamba mwenye gari atalitunza liwe salama muda wote wa bima, na sharti hilo halikutaja cheti popote. Mkaguzi hupima breki, usukani, taa na tairi kama zilivyo siku hiyo. Kampuni ya bima huuliza zilikuwaje siku ya ajali. Kati ya siku hizo mbili, pikapu ile ilikuwa imepanda na kushuka Riat kwa miezi minane ikiwa na mzigo.

Kwa majeruhi mambo yalikuwa tofauti, na hili ningependa kila mwenye gari alielewe. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inayosimamia bima ya lazima, ile tunayoiita thadi pati, hairuhusu kampuni kumkwepa aliyeumizwa kwa sababu ya hali ya gari. Fidia yake ya kifo au majeraha ina kikomo cha shilingi milioni 3. Lakini sheria hiyo hiyo huipa kampuni haki ya kumgeukia mteja wake na kumdai fedha ilizolazimika kulipa kwa njia hiyo, kwa hiyo ubovu wa gari unaweza kumrudia mwenyewe hata baada ya majeruhi kupata haki yake, jambo ambalo hakuna wakala aliyewahi kutueleza tulipokuwa tukinunua bima.

Sasa pikapu hupelekwa kwa fundi wetu wa Kondele kila baada ya miezi mitatu, na risiti ya kila tairi na kila breki pedi huwekwa pamoja na mkataba wa bima, ili asesa akija tena tuweze kumwonyesha gari lilivyotunzwa tangu siku lilipokaguliwa.