Kabla hujajaza fomu ya Geneva, jiulize pango analipa nani

Juzi usiku saa tano mdogo wangu mmoja wa seken yia, anasoma siasa na utawala kama nilivyosoma mimi, kanitumia meseji: "Dada shikamoo, nimeona hizi nafasi naomba unisaidie kujaza." Ndani linki tano. Nikazifungua zote moja moja na kiukweli niliumia, maana hakuna hata moja ambayo kwa mwaka aliopo angeipata. Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, ni ya mtu ambaye digrii ya kwanza keshaimaliza na ana masaa 2,800 ya kazi. Intanshipu ya Umoja wa Mataifa wanataka angalau uwe mwaka wa mwisho. Moja ilikuwa ya watu wa masta. Mbili zilizobaki ni makongamano ya kulipia.

Wanaorusha hizi linki kwenye magrupu ya WhatsApp wengi hawasomi masharti, wanafowadi tu, halafu dogo anamaliza bando la wiki nzima anajaza fomu ambayo ilishamkataa tangu mstari wa kwanza.

Na hata hiyo ya UN, wadogo zangu naomba mnielewe, Sekretarieti yao hailipi intern mshahara. Tiketi, viza, chumba, chakula, yote juu yako. Watu wakisikia New York au Geneva wanaona picha, hawaoni pango. Hata Gigiri hapo Nairobi, kwenye ofisi za UN, ambapo ni karibu na unapanda basi tu, bado utalala wapi na utakula nini kwa miezi mitatu? Mi nasema hili ndo swali la kwanza kabla ya sivii na kabla ya barua: nani analipa? Kama jibu ni "tutaona mbele ya safari" basi usiombe mwaka huu, jipange kwanza.

Hayo makongamano ya kulipia nayajua vizuri. Nilivyokuwa fest yia nilitumiwa barua nzuri kabisa, ina nembo na sahihi, kwamba nimechaguliwa kwenye kongamano la vijana nje ya nchi, nilipie dola 120 ya usajili, hoteli wataniwekea wao. Mjomba akanikopesha. Nilichopata ni PDF ya mwaliko, viza sikupata, hela haikurudi, na baadaye nikagundua darasani kwetu kila aliyeomba "alichaguliwa". Toka siku hiyo naangalia kitu kimoja: wakikuomba hela kabla hawajakuuliza umeandika nini, achana nao. Umoja wa Mataifa wenyewe wanasema wazi hawatozi ada hatua yoyote ya kuajiri, sasa huyu mwingine ni nani?

Kilichonifungulia mimi njia ni fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, tena ile ambayo wenzangu walinionea huruma. Nilipangiwa ofisi ya mtendaji wa kata. Hela ya fildi kwenye mkopo wa bodi ya mikopo kipindi chetu ilikuwa mpaka shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, ukipewa yote ni 560,000, na kwa kuwa nilikuwa naishi nyumbani iliniweka sawa bila kumsumbua mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa naandikia watu barua za utambulisho. Wiki ya pili mtendaji akanionyesha kabati, akasema binti nipangie haya mafaili. Ndani mihtasari ya kamati ya maendeleo ya kata, karatasi zimeshikwa na pini zilizoota kutu, mwandiko wa kalamu ya bluu, chini sahihi ya diwani kama mwenyekiti na ya mtendaji kama katibu, na mhuri umegongwa umepinda. Nikaanza kusoma badala ya kupanga. Kuna mtaro mmoja, mtaro uleule, umetajwa kwenye mihtasari saba, na kila mara mwisho wa ajenda pameandikwa "suala litafuatiliwa". Nani anafuatilia? Kwa bajeti gani? Semista nzima tulisoma nadharia ya ugatuaji wa madaraka, yaani kushusha madaraka kwenda ngazi za chini, na sikuielewa mpaka nilipokaa kwenye lile stuli na yale makaratasi.

Nikamwomba mtendaji ruhusa ya kuyatumia bila kutaja jina la kata, akakubali. Nikaandika ikisiri, yaani muhtasari wa mada yangu, ya maneno 300 nikatuma kwenye kongamano la wanafunzi, wakaikubali, bila ada. Nauli sikuwa nayo, nikaandika barua idarani nimeambatanisha bajeti ya mistari mitatu, basi, gesti na chakula, wakanipa nusu na nusu nikachangiwa na ndugu. Andika kiasi kamili jamani, barua ya "naomba msaada wowote" inakaa mezani tu.

Halafu kuna Arusha, sijui kwa nini tunairuka tunaenda kuangalia Ulaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki makao makuu yapo pale, na wana mdahalo wao wa wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu mtangamano, wanaofanya vizuri wanakuwa mabalozi vijana wa Jumuiya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha tangu 2007 na huwa inatangaza nafasi za intanshipu. Kama una shangazi hata Ngaramtoni huko, mzigo umepungua nusu. Ila usiende mtupu. Kasome hukumu ya kesi ya Mchungaji Mtikila ya tarehe 14 Juni 2013, ile ya mgombea binafsi, Mahakama iliposema kumzuia mtu kugombea mpaka awe na chama ni kukiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Iko wazi kwenye mtandao, bure. Andika kurasa mbili unasema wewe unaonaje, mpe lekchara wako azichorechore kwa kalamu nyekundu, urudie. Hizo kurasa mbili utaambatanisha kwenye kila ombi mpaka unamaliza chuo.

Basi nikamjibu yule dogo hivyohivyo, nikamwambia linki zote tano funga, kachukue barua ya fildi chuoni upeleke ofisi ya kata yenu. Alinuna kidogo. Jumatatu kanitumia picha, nakala ya barua imegongwa mhuri wa kupokelewa, na chini kaniuliza, "Dada, mihtasari wanaweka kabati gani?"