Siku moja maishani mwangu: friji kuukuu linageuka chumba cha kuchachushia bia

Saa 1 asubuhi. Friji limesimama wima toka jana, maana lilikuja limelazwa kwenye gari, na friji la hivyo hulichomeki papo hapo, mafuta ya kompresa lazima yapewe muda yarudi chini. Nimetoa rafu zote nikaingiza ndoo ya lita 25, haikai. Kuna lile tuta la kompresa kule nyuma chini. Nikakata mbao nikatengeneza jukwaa la kufikia usawa wa tuta, ndoo ikakaa na mlango ukafunga vizuri bila kusukumwa. Anza na hili aisee, mengine yote yanarekebishika ila ndoo isiyoingia huna la kuifanya.

Saa 3. Mdogo wangu kaamka kanikuta na nyaya sakafuni. "Dada, si ungeiweka tu bafuni kwenye baridi?" Wengi wanafikiri hivyo, ila hamira ikishaanza kula sukari inatoa joto lake yenyewe, chumba kinaweza kuwa nyuzi 20 na ndani ya ndoo ukakuta 23 au zaidi, tena ni zile siku za mwanzo ambazo ndo ladha inatengenezwa. Hamira nyingi za bia aina ya eli zinataka kama 18 mpaka 20, zikipanda sana unapata bia yenye harufu ya ndizi mbivu au ule ukali wa tina ya rangi. Lager ndo usiseme, hiyo inataka 10 mpaka 13. Na themostati ya friji yenyewe haisaidii, imetengenezwa kuweka chakula kwenye nyuzi 4 hivi, hapo hamira ya eli inalala fofofo.

Kwa hiyo kazi ya leo ni kontrola, kifaa kinachopima joto na kuwasha friji likizidi au kipasha joto likipungua. Natumia STC-1000, kile kidude cha bei poa chenye namba nyekundu. Tundu 1 na 2 ni umeme wake, 3 na 4 sensa, 5 na 6 joto, 7 na 8 baridi. Watu wanakwama hapa: relei zake, yaani swichi za ndani, HAZITOI umeme, zinafungua na kufunga njia tu, kwa hiyo laini (waya wenye umeme) ya ukutani lazima uigawe kwa vipande vya waya iende pia 5 na 7, halafu 6 inaenda soketi ya joto na 8 soketi ya baridi. Nyutro na ethi zinaenda moja kwa moja kwenye soketi zote mbili. Yote ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, na plagi haigusi ukuta mpaka mfuniko umefungwa. Kama nyaya huzijui mwite fundi, hii siyo ya kujifunzia kwa kupigwa shoti.

Saa 5. Glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, sensa ndani, koroga, subiri. Inatakiwa isome 0, yangu inasoma 0.6, nikaingia F4, mpangilio wa kusahihisha sensa, nikaweka -0.6, basi. F3 nikaweka dakika 10, yaani kompresa ikizima isiwake tena mpaka muda huo upite, maana presha ya gesi pande mbili isipolingana mota inawaka kwa shida na mwisho inakufa.

Kupitisha nyaya sikutoboa popote. Mafriji mengine yana mabomba ya gesi ndani ya kuta za pembeni, ukigusa moja kwa drili umebaki na kabati. Waya wa sensa ni mwembamba, unapita kwenye mpira wa mlango upande wa bawaba na mpira unaufunika. Kwa joto nimeweka mkeka wa umeme wa kuoteshea miche. Wengine wanatumia balbu, sawa, ila iwe ndani ya kopo la bati, mwanga ukikutana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, bia inanuka kicheche.

Saa 7 mchana. Jaribio, maji lita 20 kwenye ndoo, nyuzi 26, nimeset 19. Kwanza niliacha sensa inaning'inia hewani makusudi dogo aone. Hewa ikapoa fasta, kompresa ikazima, maji bado 26 vilevile! Sensa ya hewani inakupa hali ya hewa ya friji, na anayefanya kazi ni hamira aliyeko ndani ya ndoo. Nikaibandika ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa maji, juu yake kipande cha sponji nene, tepu kuzunguka. Kwangu mimi hicho kisponji kina thamani kuliko kontrola.

Saa 11 jioni, 22.4. Feni ndogo ya kompyuta nimeiweka chini inazungusha hewa. Dogo anauliza aweke soda humo, nikamwambia weka ila usilalamike.

Saa 3 usiku imefika 19.0, kompresa ikazima, lakini namba ikaendelea kushuka, 18.8, 18.6, kwa sababu hewa na kuta bado za baridi. F2, yaani tofauti inayoruhusiwa na namba niliyoset, ilikuwa 0.5, ikigusa 18.5 mkeka unawaka, halafu baridi na joto vinaanza kuvutana kama watoto na shuka. Nimeipandisha F2 hadi 1.0. Kesho nachemsha kimea. Na siku ya kuishusha bia mpaka nyuzi 2 ili itakate, kile kidude chenye maji cha kutolea gesi juu ya ndoo nakitoa naziba na kizibo, maana hewa ya ndani ikipoa inasinyaa na kuvuta maji ya kidude yote ndani ya bia.