Mchwa ndani ya mashua: tulivyowaondoa bila kukivunja chombo

Ukimwambia mtu wa Mikindani, huku kwetu Mtwara, kwamba chombo chako kinaliwa, atainama kwanza kutazama chini, kwenye mkuku na mbao zinazolala majini. Ana haki. Huko ndiko anakoingia yule mtoboaji wa baharini ambaye wengi humwita mnyoo, ingawa ni ndugu wa chaza na kombe. Huingia akiwa mdogo mno, tundu lake halizidi ncha ya sindano, kisha hukulia humo humo ndani ya ubao. Dawa yake inajulikana pwani yote: chombo kinapandishwa mchangani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, kinakwanguliwa, kinapigwa moto wa makuti, halafu kinapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hilo sisi tunalifanya na mashua yetu ilikuwa safi chini.

Ilikuwa inaliwa juu, pakavu, mahali ambapo moto wa makuti haufiki.

Mashua hii ni yangu na kaka yangu. Inabeba watu na mizigo kati ya Mikindani, Msanga Mkuu na Sudi, na msimu wa korosho ndiyo inayolisha nyumba mbili. Kwa hiyo nilipoona vumbi ndani ya feuli, kule tezi, nyuma ya chombo, tunakoweka kamba na nguo, sikulifagia. Nililikusanya kwenye karatasi nikatoka nalo juani. Hayo ndiyo ningemwambia mwenye chombo yeyote ayafanye kabla ya kununua dawa hata moja, kwa sababu vumbi ndilo linalokwambia ni nani anayekula.

Vumbi laini kama unga wa sembe, linalotoka kwenye vitundu vya milimita moja au mbili, ni la fukusi, wale mbawakawa wadogo wanaotafuta wanga ndani ya mbao. Wao hupenda ule ubao mweupe wa nje ya gogo, na kiini cha mti mgumu kwa kawaida hawakigusi. Ukiona vijia vya udongo vinavyopanda juu ya mbao, hao ni mchwa wa ardhini. Hawawezi kuishi bila unyevu, na wengi hupanda chombo kikiwa kimekaa muda mrefu juu ya magogo ufukweni. La kwetu lilikuwa la tatu: punje ngumu, kavu, nyepesi, ukizisugua kwa vidole hazipondeki. Kwa kioo cha kukuzia kila punje ilionyesha pande sita. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji udongo wala maji ya kunywa. Unyevu ulio ndani ya ubao wenyewe unamtosha. Jike na dume huruka jioni, hasa mvua zinapoanza, hufuata taa, hukata mbawa zao, kisha huingia kwenye ufa na kuuziba. Humo huzaana polepole kwa miaka, na ubao unabaki mzima kwa macho huku ndani umekuwa mapango.

Ndiyo maana kuacha taa inawaka usiku kwenye chombo wakati wa kumbikumbi ni kuwaita wageni.

Fundi wetu, mzee aliyejenga vyombo tangu ujana wake, alikuja na nyundo ndogo na bisibisi. Nilimwamkia, akaitikia, akavua viatu akaingia bila neno. Aligonga ubao mmoja mmoja kuanzia tezi hadi omo kule mbele, sikio likiwa karibu, na kila sauti ilipobadilika ikawa nyepesi aliweka alama ya chaki. Penye alama alibonyeza bisibisi. Kwenye mbao za kukalia iliingia hadi kwenye mpini. Kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, ambayo ni ya mti wa mkomafi, ilidunda. Sitaha ndogo ya tezi, iliyotengenezwa upya kwa msonobari, ndiyo iliyokuwa kitovu cha ugonjwa, na kutoka hapo walikuwa wameshavuka kuingia kwenye boriti inayoshika mlingoti.

“Mjomba,” aliniambia, “hawa wameletwa na mbao. Chombo chenyewe kilikuwa hakina kitu.”

Nami naamini hivyo. Mbao nyepesi zisizotibiwa, kuni, makasha na magunia huleta wadudu wengi kuliko hao wanaoruka. Hata yule dumuzi wa mahindi, aliyeanza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na wakulima wakampa jina la Scania, asili yake ni jamii ya watoboa mbao, na gunia la mahindi likikaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, anaweza kujaribu meno yake kwenye ubao.

Habari ilipoenea, ushauri ulikuja kwa wingi, na mwingine ulikuwa wa hatari kabisa. Kuna waliosema tukizamishe chombo. Mchwa aliye ndani ya ubao mnene maji ya bahari hayamfikii haraka, na ukizamisha unaharibu kamba, misumari na kalafati inayoziba mishono ya mbao, bila uhakika wowote. Waliotaka oili chafu ya magari walikuwa wengi zaidi. Oili hiyo hukaa juu ya ubao, mdudu wa ndani haimpati, na kila mvua inaitiririsha baharini mahali tunapovua. Hapa kusini tuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na samaki wa pale ni hawa hawa wanaokuja sahanini mwetu. Sikukubali.

Ushauri ulioniogopesha ni wa vidonge vya gesi vya kuhifadhia nafaka: funika chombo kwa turubai, tupa vidonge ndani, ondoka. Gesi ile inaua mtu. Vijana wetu hulala chomboni, na watoto hucheza kwenye vyombo vilivyopwelewa. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mafunzo, vifaa vya kupimia na kinga ya kupumulia. Nasema kwa msisitizo kwa sababu vidonge hivyo watu hupeana mkononi bila hata kibandiko.

Njia tuliyoifuata ilikuwa ya kuigawa mashua. Kila kilichoweza kufunguka tulikifungua: mbao za kukalia, mbao za sitaha, milango ya feuli. Zile zilizokuwa mapango tulizichoma moto siku hiyo hiyo. Nzima na zenye shaka tulizipika kwa jua.

Hapa paleti zilinisaidia. Paleti za mizigo ya kimataifa hupigwa mhuri wenye herufi HT, maana yake mbao zimepashwa moto hadi kiini kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Nikasema, kama joto hilo linatosha kwa meli za dunia, litatosha kwa sitaha yangu. Tulitandika nailoni nyeusi ya wajenzi juu ya mchanga mkavu, tukapanga mbao juu ya vipande vya mti ili hewa ipite, tukazifunga pande zote kwa nailoni hiyo hiyo, kisha juu yake tukaweka nailoni angavu tukiacha nafasi ya hewa katikati. Kwenye ubao mnene kuliko wote nilitoboa tundu kwa keekee nikachomeka kipimajoto hadi katikati. Joto la hewa chini ya nailoni hupanda upesi na linadanganya. Kiini cha ubao huchelewa sana. Nilihesabu muda pale tu kipimajoto cha ndani kilipovuka 56, na hata hivyo tuliziacha mpaka jua liliposhuka. Siku za mawingu hatukuzihesabu kuwa kitu.

Umbo lenyewe la mashua hatukuthubutu kulifanyia hivyo. Ubavu wa chombo ukikaushwa kwa joto la namna ile mbao hujikunja, mishono hufunguka, na ukirudi majini unateka kwa ndoo. Kwa hiyo boriti ya mlingoti na mbao za juu za ubavu tulizitibu kwa boraksi.

Boraksi si kitu kigeni. Masonara huitumia kuyeyushia dhahabu, na kwao ndiko nilikoanza kuulizia. Nyingine inayohitajika ni asidi ya boriki, ule unga mweupe wa kuulia mende. Tulichanganya sehemu 3 za boraksi kwa sehemu 2 za asidi ya boriki kwa uzito, gramu 150 na gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto, tukikoroga mpaka maji yakawa maangavu. Mchwa akila mbao zenye dawa hii hushindwa kusaga chakula na hufa taratibu. Kwa binadamu si kali kama dawa nyingi za wadudu, lakini ndoo yake iliwekwa mbali na watoto na mbali na vyombo vya chakula.

Kazi ngumu haikuwa kuchanganya. Mashua yetu imepakwa sifa miaka na miaka, na mafuta yale ya papa yameingia ndani ya ubao kiasi kwamba maji yanateleza tu. Dawa ya maji juu ya ubao wenye sifa ni kazi bure. Tulikwangua, tukapiga msasa, tukakwangua tena mpaka rangi ya mti ikajitokeza na tone la maji likazama badala ya kukaa. Hapo ndipo tulipopaka, kwa brashi, tukirudia kabla pale pa kwanza hapajakauka. Kwenye boriti fundi alitoboa vitundu vyembamba kufuata alama zake za chaki, nami nikapiga dawa ndani kwa sindano ya mifugo hadi ikatokea upande mwingine. Pale inapotokea unajua umekutana na pango lao. Halafu tukaifunika boriti kwa nailoni ili isikauke haraka, kwa sababu dawa hii husafiri ndani ya ubao wenye unyevu na husimama ubao ukikauka. Baadaye vitundu vilizibwa kwa vijiti vya mti na gundi ya epoksi, mbao zikakauka kabisa, ndipo zikapakwa rangi. Bila rangi mvua itaiosha dawa yote. Na chini ya mstari wa maji usihangaike nayo, bahari itaichukua.

Sehemu za ndani zisizoonekana, chini ya sitaha na nyuma ya feuli, tulizipaka mafuta meusi ya maganda ya korosho. Mtwara mtu hahitaji kuelezwa ukali wake. Tazama vidole vya akina mama wanaobangua kwa mkono. Kule pwani ya India wavuvi wameyapaka kwenye vyombo vyao tangu zamani. Hayamfikii mdudu aliyekwisha kuingia, ila nayaamini kwa kuwazuia wapya wasianzishe nyumba. Glavu za mpira, mikono mirefu na kitambaa usoni ni lazima, maana yanaunguza ngozi ikatoka malengelenge.

Ila hata baada ya yote hayo fundi hakuridhika mpaka tulipopata mahali maji ya mvua yanapopenya. Yalikuwa yanapitia kwenye kona ya sitaha, yanatiririka nyuma ya taruma na kukaa pale. Maji ya bahari mbao huyavumilia. Ya mvua yakituama huleta kuvu na uozo, na ubao uliolainika ni mlango wazi kwa mchwa wa ardhini. Mshono ule ulitiwa kalafati upya, na tangu hapo sitaha inaoshwa kwa maji ya bahari tu.

Sitaha mpya ni ya mninga, kiini kitupu, bila kipande cheupe hata kimoja. Fundi aliukataa ubao mmoja mbele ya muuzaji kwa ajili ya utepe mweupe wa upana wa kidole. Chini ya boriti nimebandika karatasi nyeupe. Kila bamvua tunapopandisha mashua kukwangua, naitoa karatasi hiyo kwanza na kuitazama juani, na mpaka sasa haijaonyesha punje mpya.