Benchi la Mama na Masanduku Yake ya Maua

Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, kuinama kwenye matuta ya maua kukawa adhabu. Nikamchorea benchi la bustani. Aliutazama mchoro, akanirudishia. "Mwanangu, mimi sitaki pa kupumzikia. Nataka pa kufanyia kazi nimekaa."

Kauli hiyo ilibadilisha kila kitu. Nikachora upya: sanduku la udongo huku, sanduku kule, yeye katikati.

Vipimo tulivitoa mwilini mwake. Nilimkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikapima kutoka ardhini hadi nyuma ya goti: sentimita 43. Kiwiko chake kilikuwa kwenye sentimita 65, basi ukingo wa masanduku nikaupanga hapo hapo, apate pa kuegemeza mkono. Kutoka sanduku hadi sanduku, kiti nilikipa sentimita 90 tu, ili akisogea kidogo afikie upande wowote.

Mbao zilikuwa za mtiki, mti wenye mafuta yake ya asili yanayokinza kuoza. Hata hivyo sikuutegemea mtiki peke yake. Sanduku la udongo huanza kuoza kwa ndani, kwenye unyevu usiokauka, ambako kuvu hustawi na jicho halifiki. Kwa hiyo udongo haukugusa mbao hata kidogo. Nilitandika nailoni nzito ndani, nikaipandisha hadi juu ya usawa wa udongo na kuibana kwa fito nyembamba. Chini nilitoboa kwa keekee matundu ya milimita 12, nikaitoboa na nailoni pale pale, kisha nikaweka kitambaa chepesi cha kuzuia udongo usitoroke na maji. Wengi humwaga kokoto hapo chini. Mimi sikuweka, na hadi leo simshauri mtu aweke: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, bali hubaki yametuama juu yake, na mizizi inapunguziwa nafasi bure.

Mbao za kukalia nilizipachika kwa kuachia milimita 6 kati yake, mvua ipite. Skrubu zote zilikuwa zisizoshika kutu.

Ndani, kila sanduku lilikuwa na sentimita 40 kila upande, yaani lita 64 za udongo, ambao ukilowa hupita kilo 80. Uzito huo ulinifanya niongeze mihimili chini, lakini ndio niliokuwa nautaka. Benchi jepesi humponyoka mtu anapojiinua. Hili lilikaa kama limeota pale.

Nilikuwa nimeleta miche ya waridi. Mama akaikataa papo hapo: miiba na mkono unaoegemea haviwezi kukaa pamoja. Mrehani ukaenda kulia, kwa ajili ya harufu. Nanaa ikaenda kushoto peke yake, maana mizizi yake hutambaa na kuvamia kila jirani, na humo sandukuni ilikuwa imepata mipaka. Alipanda mwenyewe, akishindilia udongo kwa vidole gumba kuzunguka kila mche, bila kunisikiliza nilipojidai kusaidia.

Alipomaliza alishika kingo zote mbili, akajisukuma, akasimama bila kuniomba mkono. Akapangusa udongo, akauliza kama nimebakiza mbao za kutosha benchi la pili, la upande wenye kivuli.