Kununua viazi kwa kilo, si kwa lumbesa

Kazi yangu ni kununua viazi mviringo vijijini huku Njombe na kuvisafirisha kwenda Dar es Salaam. Anayeijua biashara hii anaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake kinashonewa kipande kingine, na viazi vinaendelea kupangwa mpaka gunia linasimama refu kama mtoto wa darasa la pili. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lumbesa moja niliyoitundika kwenye mizani ilisoma kilo 138, na mwenye shamba alikuwa amelipwa bei ya gunia moja.

Mama yangu alitusomesha kwa viazi vya vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na kila msimu alifungiwa lumbesa. Kwa hiyo nilipoanza kununua mwenyewe, nilimwambia Mungu kwamba nitanunua kwa kilo, na ikishindikana nitatafuta kazi nyingine. Naandika haya kwa sababu mahubiri mengi kuhusu uaminifu hayafiki sokoni. Mfanyabiashara anasema amina Jumapili, na Jumatatu hajui aanzie wapi.

Mstari nilioushika ni Mithali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Lakini uliosema na biashara yangu hasa ni Kumbukumbu la Torati 25, pale Waisraeli wanapokatazwa kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Kwa nini viwili? Kikubwa ni cha kununulia, kidogo ni cha kuuzia. Gunia la shambani ni refu, kisado cha sokoni kimebonyezwa kitako. Musa alikuwa anaongea na watu wa kazi yangu kabisa. Amosi naye, aliyekuwa mchungaji wa mifugo kule Tekoa, aliwakemea wauza nafaka waliokuwa wakiona sabato inachelewa kwisha ili warudi kupunguza efa, kipimo chao cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito waliopimia fedha ya mnunuzi. Watu hao walishika sabato. Tatizo lao lilikuwa siku iliyofuata.

Nilinunua mizani ya saa, ile ya kutundika, nikaipeleka Wakala wa Vipimo ikahakikiwa na kubandikwa stika. Nilidhani wakulima wangefurahi. Kijiji cha kwanza walinikatalia. Mzee mmoja aliniambia, "Binti, mizani hizi tumeshaziona. Zinaiba kuliko hata lumbesa." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu wapo wanaochezea mshale ukasoma pungufu.

Basi safari iliyofuata nilipitia duka la vifaa vya ujenzi nikachukua mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Kila mtu kijijini anajua mfuko ule ni kilo 50. Tulifunga miti mitatu kwa juu, tukatundika mizani, nikamwita yule mzee. "Baba, tazama kwanza mshale uko kwenye sifuri. Sasa tundika saruji wewe mwenyewe." Akatundika, akasogeza uso mpaka karibu na kioo, akausoma kwa sauti: hamsini. Akashusha, akatundika tena, hamsini. Kisha akawageukia wenzake akazungumza nao Kibena, na vijana wakaanza kuleta viazi. Tangu hapo saruji hutangulia popote ninapokwenda, na anayeitundika ni mwenye viazi. Naamini kabisa kwamba Mkristo hapaswi kudai aaminiwe kwa sababu ameokoka. Ampe mwenzake njia ya kuhakikisha.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa wanunuzi wenzangu, na baadhi yao tunasali pamoja. Mmoja, mwanakwaya mzuri sana, alinijibu kwa Maandiko: "Dada, Bwana Yesu mwenyewe amesema kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwasukwa hata kumwagika!" Watu walicheka, lakini neno lile liliniuma, maana wakulima walikuwa wanasikia. Nilifungua Luka 6:38 pale pale nikawasomea tangu mwanzo wa mstari. Unaanza na "Wapeni watu vitu." Anayeshindilia katika mstari huo ni mtoaji, anashindilia kwa ajili ya mwenzake. Hakuna mahali Bwana aliporuhusu mtu akishindilie kipimo anachojipimia mwenyewe kutoka kwenye jasho la mwingine. Kwa jambo hilo kuna Yakobo 5:4, inayosema ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Baada ya hapo ilibidi nipige hesabu. Wanaofunga lumbesa si wote wenye roho mbaya. Nauli ya lori inatozwa kwa gunia, ushuru getini unahesabiwa kwa gunia, wapakiaji na dalali wanalipwa kwa gunia. Anayebeba kilo 138 ndani ya gunia moja analipa sawa na mimi mwenye kilo 100. Ukiingia na mizani ya haki bila kugusa gharama hizo, msimu hauishi kabla mtaji haujaisha, na watu watasema Mungu amekuacha.

Nilianza na nauli. Badala ya kulipia kila gunia, tuliungana wafanyabiashara watatu tukakodi Fuso nzima kwa bei ya safari. Hapo idadi ya magunia haikuwa na maana tena, bali tani. Ushuru nimeendelea kulipa zaidi ya wenzangu kwa mzigo ule ule, na hilo nimelikubali kama gharama ya kazi.

Kisha soko. Dalali mkubwa hakutaka magunia yangu, kwa sababu wateja wake wamezoea lumbesa. Nikaenda kwa wakaanga chipsi na kwa mama lishe, na kwa shule moja ya bweni inayonunua kwa kilo. Hawa wana shida yao: lumbesa huficha viazi vidogo na vilivyooza katikati, na vya chini hubondeka kwa uzito. Nikaanza kuchambua shambani, vikubwa peke yake kwa ajili ya chipsi, vya kati kwa mama lishe, kila gunia likiwa na uzito wake umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mkaanga chipsi akipima kwake akakuta namba ile ile, anarudi. Bei ya vikubwa vilivyochambuliwa iliziba sehemu nzuri ya pengo langu, si yote. Faida yangu kwa safari ni ndogo kuliko ya mwanakwaya wetu.

Vijana wanaochambua na kufunga nawalipa jioni ile ile kabla lori halijaondoka. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kukaa kwako usiku kucha, na sikuona sababu ya kuutafutia mstari huo maana nyingine.

Kuna misimu inanishinda. Viazi vikiadimika, mnunuzi wa lumbesa anafika alfajiri na fedha taslimu mkononi, na mkulima mwenye ada ya mtoto hawezi kuningoja mimi na miti yangu mitatu. Simlaumu. Mama yangu angefanya vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo, sasa nguvu zangu naziweka mahali pengine. Mizani ikiwa ya mnunuzi, siku asipokuja haki inaondoka naye. Jumuiya yetu imeanza kuchanga ili wakulima wawe na mizani yao, ikae kwa mzee wa kanisa, na mtu yeyote wa kijiji, awe wa dhehebu letu au la, aitumie bila malipo. Mchango umefika zaidi ya nusu. Ikinunuliwa, itapelekwa kuhakikiwa kabla haijapima hata kiazi kimoja, na mfuko wa saruji nitautoa mimi.