Makaa na chumvi

Jana msichana wangu aling'oka jino la kwanza, la mbele chini, akaniletea kwa kiganja na kuniuliza, mum, lile lingine litakuja brauni kama yako? Nikamwambia aende asukutue damu kwanza.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu mmoja alikuwa anatukagua paredi, kucha, kola, meno, na siku hiyo alinisimamisha mbele ya wote akasema huyu hajui mswaki. Kesho yake kulikuwa na picha ya darasa. Niliamka kukiwa bado giza, nikachukua kaa baridi kwa jiko, nikalisaga na jiwe, nikachanganya na chumvi, nikaenda nyuma ya jikoni penye kile kipande cha kioo kimechomekwa kwa mabati. Nikasugua. Mswaki wenyewe nywele zilikuwa zimeshalala, unga wa makaa unakwaruza kama mchanga, nikihesabu, mia mbili juu mia mbili chini, mate yakitoka meusi, halafu ya pinki, halafu damu tupu, na kila nikitazama kioo michirizi ya kahawia iko palepale.

Mama akatokea na mtungi wa maji ya borehole. Akaona hiyo damu chini, wala hakunigombeza, alinishika tu kichwa kama mtoto mdogo, akanimiminia kikombe, sukutua mami, sukutua.

Nikiwa chuo ndio daktari wa meno aliniambia huo si uchafu, ni floridi, madini yaliyo kwa maji. Maji ya visima vingi huku Nakuru yanapita kwa mawe ya volkano, yanazidi kile kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani, WHO, miligramu 1.5 kwa lita, na jino huharibika likiwa bado linajiunda ndani ya ufizi, kwa hivyo hakuna mswaki utatoa hiyo rangi. Na ni floridi hiyohiyo iko kwa dawa ya meno, kidogo inalinda, ikizidi inaharibu.

Wangu anakunywa maji ya mvua, dawa namwekea kama punje ya minji, nasimama hapo mpaka ateme.

Mama sijawahi kumwambia. Mitungi yote hiyo alibeba na mgongo wake. Leo asubuhi amepiga simu kuuliza jino, anasema mtoto aletwe likizo akunywe maji ya kwetu, hayo ya tangi hayana ladha. Nimesema sawa mama, tutaona.